Mtambo umefika, fundi yuko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Kwa muda sasa nasoma humu habari za kazi zinazofunguka vijijini: pampu za umeme jua, vyumba vya baridi vya kuhifadhia mazao, matangi ya kupoozea maziwa, minara ya simu, umwagiliaji wa matone. Wasomaji wenzangu wanafurahi na mimi nafurahi, maana nimekula jasho la kazi hizo kwa miaka 26. Ila furaha yangu ina doa, na doa hilo nitalieleza kwa kutumia mtambo mmoja tu. Mimi ni fundi, siwezi kueleza kitu kabla sijakifungua.

Niliitwa kwenda kutazama pampu ya kisima kirefu iliyokuwa imelala wiki 11. Nilipofika nilikuta kila kitu kinang'aa. Paneli zimefutwa vumbi, uzio umepigwa kufuli, kibao cha uzinduzi kiko wima na maandishi yake yanasomeka vizuri. Chini ya paneli, kivulini, alikaa kijana mmoja kwenye kiti cha plastiki, na daftari mapajani. Ndiye mlinzi wa mtambo. Kila siku alikuwa akiandika saa aliyofika na saa aliyoondoka, na katikati ya mistari hiyo miwili ameandika neno lilelile kwa wiki 11: haifanyi kazi.

Nilitoa mita nikapima kwenye kidhibiti, yaani kisanduku cha kuongozea pampu. Hakuna umeme unaoingia. Nikazima swichi kuu, nikafunika paneli kwa turubai, nikaanza kufuata waya kwa mkono, kiunganishi baada ya kiunganishi, mpaka nyuma ya paneli ya nne. Hapo vile vichwa vyeusi vya plastiki vinavyobofyana vilikuwa vimeyeyuka na kushikamana kama mshumaa uliosahauliwa juani. Aliyefunga mtambo alibana ncha ya waya kwa plaisi ya kawaida badala ya koleo lake maalumu. Waya ukawa unagusa juujuu, mguso mbovu ukazaa joto, joto likala plastiki. Nilikata, nikabana upya, nikaunganisha. Dakika 20 baadaye maji yalikuwa yanapanda tangini.

Kijana alisimama nyuma yangu muda wote huo. Nilipokuwa nafunga mfuko wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, ni hicho tu?"

Nikamwambia ni hicho tu. Ndipo akanieleza kwamba ana cheti cha umeme. Alikaa chuoni miaka miwili, akafaulu, akarudi nyumbani, na kazi aliyoipata ni ya kulinda kitu ambacho hakuruhusiwa kukigusa.

"Na kama ungeruhusiwa?"

Akacheka kidogo. "Nisingejua pa kuanzia, Mzee. Sisi tulifundishwa umeme wa nyumba."

Mhariri, nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Na nataka nimtetee kijana, kwa sababu najua wako watakaosema vijana wa leo hawana ujasiri. Asingekuwa na busara kugusa. Umeme wa nyumba ni mkondo geu, unaogeuza mwelekeo kila mara. Pale unapokuwa wa mizunguko 50 kwa sekunde, unapita kwenye sifuri mara 100 katika sekunde hiyo. Ukichomoa plagi, cheche inazimika yenyewe kwa sababu umeme nao umepita sifuri. Umeme wa paneli ni mkondo mnyoofu, unakwenda upande mmoja tu na haupiti sifuri hata mara moja. Ukichomoa kiunganishi jua likiwa kali na pampu ikiwa inavuta, cheche haizimiki. Inavutika kati ya ncha mbili za waya kama moto wa mchomeleaji vyuma. Unganisha paneli 10 kwa mfululizo, kila moja volti 40 hivi, una volti 400 mkononi, na hakuna swichi ya kuzima jua. Cheti cha kijana yule ni halali na alikipata kwa haki. Ila kilimwandaa kwa kazi iliyoko mahali pengine, na kazi iliyofika mlangoni kwake hakuna aliyemwandalia.

Basi hoja yangu ni hii. Kazi nyingi zinazotangazwa siku ya uzinduzi wa mradi ni za kuchimba mtaro, kubeba kokoto na kujenga uzio. Zinaisha kabla rangi ya kibao haijakauka. Kazi inayobaki kijijini ni ya kuutunza mtambo na kuufufua unapokufa: paneli kwa kawaida hupewa dhamana ya miaka 25 hivi, na ndani ya miaka hiyo pampu, betri na vidhibiti vitabadilishwa zaidi ya mara moja. Kazi hiyo inahitaji mtu, na mtu huyo anatakiwa aandaliwe kabla mtambo haujawashwa, kwenye mtambo huohuo, kwa fedha za mkataba uleule ulionunua mtambo. Kama mkataba una ukurasa wa saruji, uwe na ukurasa wa fundi.

Najua wapo watakaoniambia mikataba hiyo tayari ina kipengele cha mafunzo. Nimehudhuria mafunzo hayo. Huwa ni siku mbili. Siku ya kwanza ni utambulisho na picha ya pamoja. Siku ya pili mhandisi anafungua kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa lugha ambayo hakuna anayeisoma pale, anaonyesha kidole kwenye mchoro, watu wanaitikia kwa vichwa. Kisha fomu ya mahudhurio inapita, watu wanatia sahihi, na kipengele kimetekelezwa.

Nami si mtakatifu katika hili. Kosa langu mwenyewe nitalisema, maana limenifundisha kuliko mafanikio yangu. Miaka ya nyuma nilifunga pampu moja ya nyaya tatu, yaani ya fezi tatu, nikawaachia vijana wawili maelekezo. Niliwaambia: nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, buluu kwa buluu. Nilifanya kila kitu kwa mikono yangu, wao wakatazama, nikaondoka nikijisifu kwamba nimefundisha. Baada ya miezi waya ukakatika, wakanunua mwingine, na huo mpya haukuwa na rangi zile. Wakaunganisha kwa kukisia. Pampu ikawaka, ikavuma vizuri, maji yakatoka, ila kidogo mno.

Wakaamini kisima kinakauka. Kijiji kizima kiliamini. Vikao vikaitishwa, watu wakaanza kuchangishana ili kichimbwe kisima kingine. Niliposikia nilipanda gari usiku huohuo, kwa sababu nilishahisi kilichotokea na aibu ilikuwa imenijaa kooni. Fezi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi na mota ilikuwa inazunguka kinyume. Pampu ya namna ile ikizunguka kinyume haikatai kusukuma maji, inasukuma kwa uvivu tu. Nilibadilisha nyaya mbili. Maji yakaja kwa nguvu hata mpira ukaruka mkononi mwa mtu.

Vijana wale hawakuwa wajinga. Niliwapa rangi, sikuwapa sababu. Tangu hapo nina sharti moja kwa kila ninayemfundisha: mikono yangu inakaa mfukoni. Nikishika spana mimi, somo limekwisha. Anafungua yeye, anakosea yeye, anaifanya pampu izunguke kinyume makusudi ili aone maji yanavyolegea na asikie mlio wake, halafu anairudisha. Inachukua siku nzima kwa kitu ambacho ningekifanya kwa robo saa. Siku hiyo nzima haimo kwenye mikataba.

Tunayoyasema haya si mageni. Mimi nilijifunzia kazi kwenye pampu za mkono, na wazee walionifundisha walipitia ule muongo wa maji wa Umoja wa Mataifa, 1981 hadi 1990. Pampu iliyoitwa India Mark II, iliyobuniwa India katika miaka ya 1970 kwa ushirikiano na UNICEF, ilikuwa ngumu kama jiwe, lakini ukitaka kubadilisha raba ya pistoni kule chini ilibidi uyavute mabomba yote juu, kipande kwa kipande, na wanaume kadhaa wakishikilia. Watu wakajiuliza: kwa nini tusitengeneze pampu ambayo mwanakijiji anaweza kuifungua mwenyewe? Ikaja Mark III yenye bomba pana, pistoni ikawa inapanda kupitia ndani ya bomba lenyewe. Ikaja Afridev katika miaka ya 1980, iliyokuzwa na kujaribiwa Malawi na Kenya, na hiyo unaifungua kwa spana moja. Moja tu! Nimewaona akina mama wakiitoa pistoni yake kabla jua halijapanda na kuwahi shughuli nyingine.

Kwa hiyo wazo la kumwandaa mwanakijiji kuwa fundi wa chombo chake lina zaidi ya miaka 40. Kwa nini basi tulikuta pampu nyingi zimekufa? Mimi nimezifungua mamia na nina maoni yangu. Spana ilipelekwa, raba haikupelekwa. Raba ile ya pistoni ni kitu cha kuweka mfuko wa shati, lakini duka la karibu lenye kuiuza lilikuwa safari ya siku. La pili ni kwamba mafundi wale waliambiwa wajitolee. Mtu anajitolea mara ya kwanza kwa moyo, mara ya pili kwa aibu, mara ya tatu yuko shambani na simu yake imezimwa. Tuliwaita mafundi wa jamii, jina zuri, lakini hatukuwalipa, na kazi isiyolipwa sijui kwa nini tuliihesabu kuwa ajira.

Hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu naona kosa hilohilo linakuja na mitambo mipya. Mtu anaandaliwa, anapewa fulana na kofia, halafu hakuna anayejua atalipwa na nani. Fundi wa kijiji anaweza kulipwa kwa njia nyingi: ada ndogo ya kila mwezi kutoka kwa watumia maji, malipo kwa kila ziara, mshahara kutoka kwa chama cha wakulima wenye chumba cha baridi. Njia yoyote itafaa mradi iamuliwe kabla ya mafunzo na iandikwe. Nikifundisha watu siku hizi naanza na swali hilo, kabla ya mita na koleo: nani atakulipa, lini, na usipolipwa utamwambia nani? Kama hakuna jibu natafuta jibu kwanza. Wenzangu wananiona nachelewesha kazi.

Kuna pingamizi moja ninalolisikia kila mahali, hata kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema ukimfundisha kijana wa kijijini atakimbilia mjini, utakuwa umemwaga maji mchangani. Nijibu kwa hesabu yangu mwenyewe. Kati ya watu tisa niliowafundisha kwa kina, si kwa siku mbili, wanne wameondoka. Wawili kati ya hao wanne waliondoka kwa sababu walikaa miezi bila kulipwa. Mmoja aliolewa kwingine na sasa anatengeneza pampu huko alikoolewa, sijui kama huyo nimhesabu kama hasara. Wa nne ndiye hasa aliyeufuata mji, na nikipata tabu ya vidhibiti vipya nampigia simu yeye. Dawa ya kuondoka ni kufundisha watatu pale unapohitaji mmoja. Mkandarasi anaweka pampu ya akiba kwenye stoo akijua vyuma vinachoka. Sioni kwa nini tushangae kwamba watu nao wanahama, wanaugua, wanapata mapacha.

Na tuwaangalie wanawake kwa jicho lingine. Wengi wanataja mfano wa Barefoot College, pale Tilonia katika jimbo la Rajasthan, India, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Bunker Roy. Imewafundisha wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi, wengi wao mabibi wasio na elimu ya darasani, kuunganisha na kutengeneza taa za umeme jua kwa muda wa miezi sita hivi. Hawana hata lugha moja ya pamoja. Wanajifunza kwa rangi, ishara na kurudiarudia kwa mikono. Nikimsikia mtu anasema huyu hawezi kwa kuwa hakumaliza shule, namkumbusha hao mabibi. Lakini ule mpango una jambo moja linalonikwaza: unamtoa mtu nyumbani nusu mwaka. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi. Mwenye mgonjwa ndani hawezi. Mwenye shamba msimu wa kupanda hathubutu. Mafunzo ya kazi za kijijini yafuate kalenda ya kijijini, wiki mbili baada ya mavuno, wiki nyingine kabla ya mvua, na mahali pa kujifunzia pawe pale mtambo ulipo. Mwalimu ana miguu na gari, na yeye ni mmoja. Ni rahisi kumhamisha yeye kuliko kuwahamisha wanafunzi 12.

Kuhusu nini kifundishwe, nina jambo ambalo walimu wa vyuo hawalipendi. Mjini fundi anaweza kuwa wa kitu kimoja. Yuko wa friji, yuko wa bomba, yuko wa umeme, na wote wako mtaa mmoja. Kijijini mtu huyohuyo mmoja atakuta bomba linavuja, beringi inalia, waya umetafunwa na mahesabu ya mafuta hayalingani, yote kwa asubuhi moja. Vyuo vinagawa fani kama vile kila mahali ni mjini. Ningependa cheti cha fundi wa kijiji kiwe kipana na kifupi: umeme jua, pampu, ubaridi kidogo, kuchomelea kidogo, na daftari la mapato na matumizi. Asibobee. Ajue mipaka yake, ajue wakati wa kuacha na kumwita aliyebobea.

Na hapo kwenye kumwita ndipo ninapopoteza muda wangu mwingi, kwa hiyo mniruhusu nilalamike. Simu inaita. "Fundi, haiwaki." Haiwaki nini? Taa ya kidhibiti? Mota? "Yote." Basi nasafiri saa sita kwenda kugundua kwamba fyuzi imeungua, na fyuzi sina kwa sababu nilibeba beringi. Siku hizi nina zoezi, na wanafunzi wangu wanalichukia mpaka walizoee. Wawili wanakaa wamepeana migongo. Mmoja ana mtambo wenye hitilafu mbele yake, mwingine ana karatasi tupu. Wanazungumza kwa simu. Aliye na karatasi achore tatizo kutokana na maneno peke yake: taa gani inamulika, rangi gani, inamulika mara ngapi kabla ya kutulia, volti ngapi zinaingia, ngapi zinatoka, mlio ukoje, ilianza lini, kulikuwa na radi? Mara ya kwanza wanashindwa wote na wanacheka. Mara ya sita nimewahi kumsikia binti mmoja akieleza hitilafu kwa simu kwa namna ambayo ningeweza kuitengeneza nikiwa nimefumba macho. Kueleza hitilafu ni sehemu ya ufundi kama kukaza nati, na kila mwanakijiji mwenye simu ya kawaida anaweza kujifunza.

Vitabu vya maelekezo sitaki hata kuviongelea kirefu. Viletwe kwa Kiswahili. Nimechoka kuandika tafsiri kwenye vipande vya boksi na kuvigundisha ndani ya mlango wa kidhibiti.

Jambo la vyeti nalo linaniuma. Namjua bwana mmoja anayesuka upya mota zilizoungua, miaka 15 sasa. Anahesabu mizunguko ya waya kwa kunong'ona, na ukimsemesha katikati anaanza upya bila kukasirika. Mota zake zinadumu. Lakini zabuni ikija inadai fundi mwenye cheti, na yeye hana, basi anaajiriwa kijana mwenye cheti, na kijana anakuja kwake jioni kumuuliza. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 195 la mwaka 2004, lilizitaka nchi ziweke utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mtu bila kujali aliupata wapi, darasani au kazini. Ni zaidi ya miaka 20 tangu hapo. Utaratibu upo kwenye karatasi katika nchi nyingi, ila kituo cha kupimiwa kiko mjini, na mtihani wenyewe ni wa maandishi. Bwana yule haandiki sana. Mpe mota iliyoungua na muda wake, utakuwa umemsahihisha.

Hilo linanirudisha kwenye mkataba, na hapa nawaambia wale wanaotia sahihi, wawe ni wa serikali, wafadhili au wenye vyama vya ushirika. Kuna desturi ya kuzuia sehemu ya malipo ya mkandarasi mpaka muda wa uangalizi uishe, ili nyufa zikitokea arudi kuziba. Desturi nzuri. Iongezeni jambo moja. Siku ya kukabidhi, mkaguzi aingie ndani ya uzio peke yake na kuharibu kitu, asiseme ni nini. Achomoe waya wa kihisi, kile kifaa kinachokiarifu kidhibiti kama kisima kina maji, aweke fyuzi iliyokufa, abadilishe fezi mbili. Kisha aite watu watatu wa kijiji waliofundishwa, na mkandarasi akae nje akitazama. Wakiupata ubovu na kuurekebisha kwa vifaa vilivyo kwenye sanduku la kijiji, mkandarasi alipwe. Wasipoupata, fedha ibaki na mafunzo yarudiwe. Naahidi kwamba mafunzo ya siku mbili yenye picha ya pamoja yatatoweka msimu huohuo, maana sasa mkandarasi ndiye atakayekosa usingizi akijiuliza kama wanakijiji wameelewa.

Na sanduku hilo liwe na spea. Viunganishi, fyuzi, raba za sili, waya wa akiba, koleo sahihi la kubania. Koleo! Kama lingekuwepo koleo kule nilikoanzia barua hii, na mtu aliyelijua, wiki 11 zingekuwa asubuhi moja.

Nimalizie na yule mlinzi. Siku ile sikuondoka. Nililala palepale, na kesho yake nikamfungulia mfuko wangu wa pili, ambao wanafunzi wangu wanauita mfuko wa maiti. Ndani yake kuna kila kitu kilichokufa mikononi mwangu ambacho kina somo: viunganishi vilivyoyeyuka, fyuzi zilizolipuka, beringi iliyosagika kwa mchanga, sili iliyokauka baada ya pampu kuzungushwa bila maji. Ninakitoa kimoja kimoja, namuuliza mtu: huyu amekufa kwa nini? Kijana alikaa na maiti hizo mpaka jioni. Alipata sababu za nyingi. Nilirudi mara tatu baada ya hapo, kwa nauli yangu, na uongozi wa kijiji ulikubali kumbadilishia kazi, sasa analipwa kama mwangalizi, si mlinzi.

Mwezi uliopita alinipigia. "Mzee, taa nyekundu inamulika mara mbili kisha inatulia. Volti zinazoingia 380, ziko sawa. Kidhibiti kinadhani kisima hakina maji, lakini nimeteremsha kamba nikapima, maji yapo. Nimefuata waya wa kihisi, umetafunwa na panya karibu na mdomo wa kisima. Nimeunga, nimefunika kwa bomba, pampu imewaka. Nilitaka tu kukuarifu."

Nikamwambia vizuri sana, anitunzie kile kipande kilichotafunwa, nitakipitia nikija, kinafaa kwa mfuko wangu.

"Samahani, Mzee," akasema. "Hicho sikupi. Nami nimeanzisha wangu."

Ni mimi,
Fundi wa visima na umeme jua, msomaji wenu wa siku nyingi